Mkuki Usio na Mwenyewe

Msafiri hapendi kurudi kwao mikono mitupu. Mmoja huchukua kikoi, mwingine kinyago, na wapo ambao macho yao hayashibi mpaka wapate silaha ya kale: mkuki, ngao, upinde au jambia. Kitu hicho hutundikwa ukutani, na kila mgeni akiuliza, mwenye nyumba husimulia safari yake. Kwa Kiswahili twakiita kumbukumbu. Lakini kumbukumbu ya nani?

Swali hilo lina mahali pake Chang'ombe, wilayani Temeke, jijini Dar es Salaam. Mwaka 2005 palianzishwa hapo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kuandaa walimu. Ilikuwa imetimia miaka 100 tangu Vita vya Majimaji kuanza mwezi wa Julai 1905. Mwalimu atokaye Chang'ombe atafundisha habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na za Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Akitaka kuwaonyesha wanafunzi silaha zilizotekwa katika vita hivyo, nyingi atazipata Berlin.

Zilifikaje huko? Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba vitu vilivyokusanywa katika makoloni na misafara iliyogharimiwa na dola vipelekwe kwanza katika makumbusho ya Berlin. Afisa aliyekuwa huku alikuwa na njia mbili. Angeweza kupeleka mikuki makumbusho na jina lake likaandikwa daftarini kuwa ndiye mkusanyaji, au kujiwekea nyumbani kwake kama ukumbusho wa ushujaa. Vita vya Majimaji vilipozimwa, kusalimisha silaha kulikuwa sharti mojawapo la kupewa amani. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala, wanakisiwa kuwa baina ya 75,000 na 300,000. Katika hali hiyo hakuna aliyeketi kuandika kwamba mkuki huu ulifuliwa na fulani, ukashikwa na fulani.

Yafaa kusema kweli yote. Si kila silaha iliyovuka bahari iliporwa. Wahunzi walifua mikuki ya kuuza, wakubwa walitunukiana majambia, na hata leo mafundi hutengeneza mikuki kwa ajili ya watalii, nao hupata riziki. Biashara ya namna hiyo haina aibu. Aibu ipo pale kilichotwaliwa kwa bunduki kinapopangwa kabati moja na kilichonunuliwa kwa fedha, na mtazamaji asione tofauti.

Tena tamaa ya kumbukumbu za vita haikuishia kwenye chuma na mti. Mkwawa, ambaye watu wake waliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikakatwa. Fuvu lililorejeshwa Uhehe mwaka 1954 lilitoka katika makumbusho ya Bremen.

Huku nyumbani yalibaki maneno. Abdul Karim bin Jamaliddini aliacha Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1957. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka vita hivyo, wakaandika waliyoambiwa. Ebrahim Hussein naye akatoa tamthilia yake, Kinjeketile, mwaka 1969. Basi silaha zilikwenda bila majina, na majina yakabaki bila silaha.

Makumbusho ya Berlin yana takribani vitu 10,000 vilivyotoka Tanzania. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano. Mwaka uliofuata maonyesho kuhusu historia ya Tanzania, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa Berlin. Hizo ni hatua njema. Lakini kurejesha mkuki si kuupakia melini tu. Mkuki ukiteremshwa bandarini ukiwa na jina la afisa na namba ya daftari peke yake, utakuwa ungali kumbukumbu ya yule aliyeuchukua.

Kazi ya kuupa jina yahitaji watu wajuao lugha za Kusini, wasomao madaftari ya Kijerumani, na walio tayari kuketi na wazee. Watu hao hufunzwa, na walimu wao huandaliwa mahali kama Chang'ombe. Iwapo hawatafunzwa sasa, wazee waliosimuliwa na babu zao watakwisha, na hapo hata mkuki ukirudi, hatakuwapo wa kuutambua.