Aya ya 40 au ya 41? Ubishi wa msahafu nyumbani Kinole

Jamani wadau, najua nimeadimika. UE zimeisha, boom lilikata kabla ya UE, nikaona bora nikimbilie nyumbani nikale ndizi za bure. Nyumbani ni Kinole, huko juu milima ya Uluguru, kwa Chifu Kingalu, kwenye migomba na pilipili manga. Familia yetu ni mchanganyiko: mjomba anafundisha madrasa, mama mdogo ni Mkatoliki, na kwenye shughuli tunakula sinia moja.

Safari hii nusura sinia lipasuke. Tulikuwa kwenye arobaini ya bibi. Binamu yangu kaja na Kurani Tukufu ya Kiswahili, kainunua mjini Morogoro kwa muuza vitabu vya mtumba. Kwenye simu ana video ya mhubiri mmoja anayeweka Kurani mbili za Kiswahili pembeni pembeni, anasoma aya ya namba ileile, kila moja inasema lake. Mhubiri anahitimisha: kitabu kimechezewa! Basi binamu akamwambia mjomba afungue Sura Al-Ahzab, aya ya 40. Mjomba akafungua Qurani Takatifu yake, ile ya Sheikh Farsy, jalada lilishang'oka zamani. Kweli bwana, vitu viwili tofauti kabisa. Mama mdogo akacheka. Kicheko chenyewe kidogo tu, lakini mjomba akanawa mikono, akaondoka bila kula.

Asubuhi kaniita. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwalimu. Wewe si unasoma historia? Huko chuoni mnafundishwa kwamba Kurani imechezewa?" Nikaomba muda. Nimeshinda maktaba siku kadhaa, na haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na namba. Kurani ya binamu ni ya Ahmadiyya, na wao huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Kwa hiyo aya ya 40 ya mjomba kwa binamu ni ya 41. Kiarabu ni kilekile! Mhubiri wa kwenye simu ama hakujua hilo, ama alijua akanyamaza.

Ila tofauti ya tafsiri ipo, na ina historia ndefu kwetu Afrika Mashariki. Kurani nzima ya kwanza kuchapwa kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na mtafsiri hakuwa sheikh. Alikuwa Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA Zanzibar. Waislamu wengi hawakuiamini, na mtu unaelewa kwa nini: imeandikwa na mtu ambaye kazi yake ni kukubadilisha dini. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa Ahmadiyya akatoa Kurani Tukufu, Nairobi. Kati ya waliomsaidia alikuwemo Kaluta Amri Abedi, yule mshairi aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar naye alianza kutoa yake sehemu sehemu miaka ya 1950, ikakamilika mwaka 1969, wakati akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Humo anawapinga Makadiani waziwazi. Na aya wanayogombania sana ni hiyohiyo ya Al-Ahzab, inayosema Muhammad ni muhuri wa manabii. Farsy, kama Waislamu wengi, anaelewa muhuri ni wa mwisho, baada yake hakuna. Ahmadiyya wana maelezo yao. Neno la Kiarabu ni moja, wanagombania maana.

Mwaka 1995 ikaja ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Kwa hiyo zipo kadhaa, na ukiweka mbili pembeni pembeni huoni Kurani mbili, unaona watafsiri wawili.

Sasa Kiarabu chenyewe. Hapa ndipo nilipopata kigugumizi, maana jibu la "hakuna hata herufi moja tofauti" nalo si la kweli kihistoria. Mapokeo ya Waislamu wenyewe yanasema Khalifa Uthman, karibu mwaka 650, aliamuru nakala moja rasmi na nyingine zichomwe, kwa sababu watu walishaanza kugombana juu ya usomaji. Maandishi ya wakati huo yalikuwa na nukta chache na hayana irabu, hivyo visomo mbalimbali vikabaki. Ibn Mujahid, aliyefariki mwaka 936, akachagua saba. Tunachosoma huku ni Hafs, kilichoenea zaidi kwa chapa ya Cairo ya mwaka 1924. Ukienda Moroko utakuta Warsh. Kwenye Al-Fatiha sisi tunasoma "maaliki", mwenye kumiliki. Wao "maliki", mfalme.

Wanahistoria nao wamebishana. Mwaka 1977 John Wansbrough alidai Kurani ilikamilika karne mbili baada ya Mtume. Lakini mwaka 2015 kurasa mbili za Birmingham zilipimwa kwa kaboni, ngozi yake ikaonekana ni ya kati ya 568 na 645. Na kwenye mabaki yaliyopatikana Sanaa, Yemen, mwaka 1972, kuna ngozi iliyofutwa ikaandikwa tena, na maandishi ya chini yana maneno na mpangilio wa sura unaotofautiana kidogo na wa leo. Yaani kitabu ni cha kale kweli, na kina historia. Kama kimetoka kwa Mungu, hilo maktaba haipimi.

Nikarudi Kinole na fotokopi. Mama mdogo nilimwambia asicheke: Injili ya Marko kwenye nakala mbili za kale kabisa inaishia 16:8, aya 12 za mwisho hazimo. Akanyamaza. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Hiyo ya maliki na maaliki mwalimu wangu alinifundisha. Mimi sijawahi kuwaambia watoto. Niliogopa watachanganyikiwa."

Kumbe alijua! Na kwa sababu hakusema, mwanawe kaenda kuambiwa na mhubiri wa kwenye simu.

Siyo jambo la kuchekea hili. Februari 1998 pale Mwembechai, Dar es Salaam, tuhuma za mihadhara ya kukashifu dini ya wenzetu ziliishia kwa risasi za polisi na watu wakafa. Mimi mwakani naenda kufundisha darasa lenye watoto wa dini zote, na swali la binamu litakuja tu. Nimeamua sitalikwepa.

Jioni ile binamu aliitwa kwenye sinia. Mjomba akamwekea msahafu mbele yake, akamwambia aanze Al-Fatiha, kwa visomo vyote viwili.

Haya wadau, na nyie kwenu mngejibu nini?