Besi Iliyojificha: Hedifoni za Zamani na Muziki Tuliousikia Nusu

Vizazi viwili vya Watanzania vimeupenda muziki wa dansi bila kuusikia wote. Nyimbo walizozijua kwa moyo, walizoziimba harusini na kwenye majaruba ya mpunga ya Usangu, ziliwafikia zikiwa zimepungua njiani. Wanamuziki walipiga kila kitu na mafundi wa studio walirekodi kila kitu, ila redio ndogo ya mezani haikuwa na uwezo wa kukitoa kila kitu.

Nililielewa jambo hilo Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya. Ukiacha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma pale Igawa, ukaingia mjini, kelele za mashine za kukoboa mpunga zinakupokea kabla ya mwenyeji wako. Katikati ya kelele hizo, ndani ya kibanda cha fundi redio, nilivalishwa hedifoni nyeusi za miaka mingi: nzito, zimezibwa kabisa kwa nyuma, waya wake wa kujisokota, na jeki nene ya robo inchi. Fundi alizichomeka kwenye amplifaya ya zamani na kuweka wimbo wa bendi ya Mlimani Park.

“Usiongeze sauti, kaka,” aliniambia. “Subiri sikio lizoee.”

Mashine za mpunga zilipotea. Gitaa la besi likaingia, nami nikagundua kwamba katika wimbo huo, ambao nimeusikia tangu utotoni, sikuwa nimewahi kulisikia hasa. Halikuwa mvumo wa nyuma. Lilikuwa na njia yake, likimjibu mwimbaji, likinyamaza pale alipovuta neno, kisha likikimbia na tumba wimbo ulipofika kwenye chemko, sehemu yake ya kasi. Mpiga saksafoni alisikika akivuta pumzi kabla ya kupuliza. Waitikiaji niliowadhani wawili walikuwa watatu.

Kifaa kilichonifunulia hayo kina historia ndefu, na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo hakikukusudiwa starehe.

Kutoka jikoni hadi melini

Mwaka 1910, Mmarekani Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah alipeleka kwa Jeshi la Majini la nchi yake jozi ya vipokea sauti alivyovitengeneza mwenyewe. Wanamaji waliokuwa wakihangaika kunasa mawasiliano hafifu ya redio waliona kwamba vinasikika vizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo, wakataka zaidi. Baldwin alikuwa akivitengeneza jikoni kwake, na hakuweza kutoa zaidi ya jozi 10 kwa mara moja.

Hedifoni za zama hizo zilihudumia mtu aliyepokea nukta na vistari vya Morse, rubani, na mfanyakazi wa simu. Ziliundwa ili neno lieleweke, basi. Ndiyo maana si kila hedifoni ya kale ni hazina. Nyingi za waendesha mitambo ya redio, zenye ukinzani wa omu 2,000, hutoa sauti nyembamba ya bati ukizipigia muziki. Umri peke yake hauleti ubora.

Mabadiliko yalikuja Ujerumani. Eugen Beyer, aliyeanzisha kampuni yake Berlin mwaka 1924, alitoa hedifoni za DT 48 mwaka 1937. Badala ya bamba la chuma linalovutwa na sumaku, ndani yake kulikuwa na koili ndogo iliyogandishwa kwenye kiwambo chepesi, kanuni ileile inayoendesha spika kubwa. Studio za redio zilizitumia, na hata wapimaji wa usikivu hospitalini walizifanya kipimo chao. Ziliendelea kuuzwa hadi mwaka 2012, miaka 75 baada ya kuzaliwa. Ni vifaa vichache vya umeme vilivyoishi hivyo.

Wazo kwamba mtu wa kawaida anaweza kukaa kwake akavaa hedifoni kwa ajili ya muziki tu lilienea baada ya mwaka 1958, John Koss wa Milwaukee, Marekani, alipoingiza sokoni hedifoni za stereo. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1968, kampuni ya Sennheiser ilitoa HD 414, zilizoachwa wazi kwa nyuma na kuvikwa sponji. Zilikuwa nyepesi na zenye hewa, na zilipendwa sana. Tangu hapo wasikilizaji waligawanyika: wengine walifuata zilizo wazi, wengine wakabaki na zilizozibwa.

Kwa nini zizibwe

Fundi wa Rujewa alinifungulia jozi yake mezani. Chini ya mto wa sikio kulikuwa na kifuniko chenye matundu, na chini ya kifuniko kiwambo cha plastiki chembamba, kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Waya wa koili ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Alipoonyesha pale ulipolehemiwa, alielekeza kwa ncha ya sindano bila kuugusa. Mito yenyewe ilikuwa mipya, ya kushona. Ile ya kiwandani ilikuwa imepukutika kuwa unga mweusi, jambo linalozikumba hedifoni nyingi za miaka hiyo.

Mito hiyo ndiyo siri ya besi. Kiwambo kidogo namna ile hakiwezi kujaza chumba kwa sauti nzito, ila kinaweza kusukuma hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na sikio. Mto ukikaa sawasawa kichwani, hewa hiyo haina pa kutorokea, na mtetemo wa chini unalifikia sikio ukiwa mzima. Ukivujisha hata kidogo, besi ndiyo ya kwanza kukimbia. Wengi hununua hedifoni za zamani, wakasikia sauti iliyokonda, wakazilaumu, kumbe kilichokufa ni mto.

Kizibo cha nyuma kina kazi mbili zaidi. Kinazuia sauti isitoke ikaingia kwenye maikrofoni ya mtangazaji au mwimbaji, na kinazuia kelele za nje zisiingie. Kwa anayerekodi ngoma uwanjani hilo ni la lazima, kwani bila hivyo hawezi kutenganisha kinachoingia kwenye mashine na kinachovuma hewani mbele yake. Na kwa msikilizaji ni kinga, kwa sababu kelele za nje zikipungua hana haja ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mbele ya mashine ya kukoboa, mwenye hedifoni za wazi atavuka kiwango hicho bila kujua.

Kilichopotea hewani

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, hivyo kwa miongo minne redio ndiyo iliyokuwa gazeti, darasa na ukumbi wa dansi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote. Hivyo ndivyo tulivyojifunza kusikiliza: wengi, kwa pamoja, mbele ya spika moja.

RTD ilikuwa pia studio kuu ya nchi. Bendi ziliingia kwenye jengo lake la Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na kupiga nyimbo zao moja kwa moja mbele ya maikrofoni. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, iliacha huko kazi nyingi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, iliacha huko muziki ambao kiongozi wake Michael Enoch aliupanga ala kwa ala, huku Suleiman Mwanyiro akiwa kwenye besi. Kutoka Nyanda za Juu Kusini, Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyowapa mashabiki wimbo wa Masafa Marefu na sauti za mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa.

Utepe wa studio, ukiendeshwa kwa kasi ya sentimita 19 au 38 kwa sekunde, unaweza kushika sauti hadi hezi 15,000. Kisha wimbo ulirushwa kwa masafa ya kati na mafupi, ambako kwa kawaida kilichozidi hezi 5,000 hivi hukatwa. Hapo ndipo upatu wa dramu ulipopoteza mng'ao wake na pumzi ya mpuliza saksafoni ikapotea. Upande wa chini uliishia sebuleni. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ya inchi 3 au 4 ndani ya redio ya betri haishuki hivyo. Ubongo ulijazia pengo kwa kukisia noti kutokana na mitetemo ya juu inayoandamana nayo. Tulicheza kwa besi ambayo kwa sehemu tuliitunga wenyewe kichwani.

Kaseti za miaka ya 1980 zilileta uhuru na hasara pamoja. Mtu aliweza kumiliki wimbo, lakini nakala ilitolewa kwenye nakala, na kila mara sauti za juu zilipungua na mchakacho wa utepe ukaongezeka. Sony ilikuwa imetoa Walkman mwaka 1979 pamoja na hedifoni nyepesi za sponji, na zile nzito zikarudi studio. Siku hizi vijana husikiliza zilipendwa kwenye simu, mara nyingi kutoka mafaili yaliyobanwa yaliyotokana na kaseti hizohizo. Wanadhani muziki wa wazazi wao ulirekodiwa vibaya. Si kweli, na anayetaka ushahidi asikilize nakala iliyotolewa kwenye utepe wa studio kwa hedifoni nzuri zilizozibwa.

Kinachopaswa kufanywa

Kanda za RTD zilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tanzania Heritage Project ilizungusha kampeni ya kuzihifadhi kidijitali. Kazi hiyo ni ya haraka, maana utepe wa sumaku huchakaa hata ukiwa kabatini, na mashine za kuuchezesha hupungua kila mwaka pamoja na mafundi wanaozijua. Ni kazi ya sikio pia. Anayehamisha kanda lazima asikie pale sauti inapokatika, pale kichwa cha mashine kilipochafuka, pale kasi inapoyumba. Spika ya kompyuta haimwonyeshi hayo. Hedifoni zilizozibwa, zenye mito mizima, zinamwonyesha.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Mwenye hedifoni za zamani kabatini asizitupe kwa sababu hazilii kwenye simu. Nyingi za studio zina ukinzani wa omu 200 hadi 600, na simu haina nguvu ya kuzisukuma, zinahitaji amplifaya. Mito hubadilishwa, waya hulehemiwa, na mafundi wa kazi hiyo wangali kwenye miji yetu midogo. Mwenye kanda asizichezeshe kwenye mashine mbovu kwa tamaa ya kusikia upesi.

Zaidi ya yote, kila wimbo unaohifadhiwa uandikiwe majina ya waliopiga. Waimbaji tunawakumbuka kwa sababu sauti zao ziliipenya ile spika ndogo. Wapiga besi, wapiga tumba na waitikiaji wamesahaulika, na sababu kubwa ni kwamba vifaa vyetu havikuwafikisha kwetu. Kijana wa Rujewa au Mbeya anayetengeneza midundo kwenye kompyuta leo ana walimu wakubwa ndani ya kanda hizo, na ana haki ya kuwasikia kutoka kwenye utepe wa asili, akijua kila mmoja anaitwa nani.