Sakiti Bila Maabara: Programu Iliyoandikwa Upya Mara Nyingi

Vijana wenzetu wa Kampala, na nyinyi mlio Nakivale na Kyangwali, wiki hii historia yetu ni ya programu ya kompyuta. Kati yetu tuko na wengi wanaojifunza umeme bila maabara. Rizista ikiungua, pesa ya chakula imeungua. Kwa hiyo programu inayoigiza sakiti si mchezo kwetu.

Ilianzia Berkeley, California. Mwalimu Ron Rohrer na wanafunzi wake walitengeneza programu wakaiita CANCER (ndiyo, kansa! Ni kejeli kwa jeshi, lililotaka programu kama hizo zipime na mionzi). Mwanafunzi mmoja, Laurence Nagel, aliiendeleza chini ya Profesa Donald Pederson. Ikaitwa SPICE, ikatambulishwa Waterloo, Kanada, Aprili 1973. Pederson alishikilia neno moja: itolewe bure.

Kuitunza ndiyo kazi. Transista haina hesabu nyepesi. Kompyuta inakisia volteji, inakokotoa, inakisia tena hadi majibu yatulie. Mara nyingine hayatulii kabisa, na wewe unafikiri sakiti yako ndiyo mbovu. SPICE2 ya 1975 ilijifunza kufupisha hatua za muda pale umeme unapobadilika haraka. Lakini iliandikwa kwa Fortran, na kila kitu kilishikana na kingine: ukiongeza aina mpya ya transista, unagusa sehemu nyingi, kwingine kunaharibika. Thomas Quarles akaandika SPICE3 upya kwa lugha ya C, kila kifaa kikawa na chumba chake. Sisi tunaona hapo ndipo ilipookoka, maana ngspice ya leo, inayotunzwa na watu wa kujitolea, ilitoka humo.

Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Makerere kilishirikiana na MIT ya Marekani katika iLabs: vifaa vya kweli vinakaa maabara, mwanafunzi anavipima kupitia intaneti. Wazo zuri sana, ila bila mtandao hakuna kitu. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Hata siku za kawaida, bando ni shida.

Ndiyo maana tunapenda ile ndogo ya Paul Falstad, ambayo umeme unaonekana kama nukta za njano zikitembea kwenye waya. Zamani ilikuwa ya Java, ndani ya brauza. Brauza zikaanza kuikataa Java. Chrome ikafunga mlango 2015. Programu yenye msimbo wa siri ingefia hapo kama mwenyewe amechoka. Hii msimbo wake ulikuwa wazi, basi Iain Sharp akauhamishia JavaScript. Leo inafunguka hata kwenye simu, na liko toleo la kompyuta: unapakua mara moja, halafu unafanya kazi bila bando.

Tumeshaipakua. Jumamosi njooni na flashi.