Askari na Wapagazi Waliozikwa Bila Majina



Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, Anas bin Nadhri aliuawa akiwa na majeraha zaidi ya themanini, hata uso wake usitambulikane. Aliyemtambua ni dada yake, kwa ncha za vidole vyake. Na siku ile ile Mtume wetu (s.a.w.), alipowazika mashahidi wawili wawili katika kaburi moja, aliuliza ni yupi aliyehifadhi Kurani zaidi, akamtanguliza huyo katika mwanandani. Basi kumjua maiti ni nani kabla ya kumfukia si jambo geni katika dini yetu.

Sisi wa Busia na Tororo tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, ng'ambo hii na ile, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo jimbo la mashariki likatiwa katika himaya ambayo leo ni Kenya, na watu wa ukoo mmoja, kama Wasamia, wakajikuta pande mbili. Mwaka huo huo likaundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Kikosi chake cha nne kilitoka Uganda, na ndani yake walikuwamo Wanubi wengi, Waislamu, ambao baba zao walitoka Sudani.

Vita vya 1914 vilipozuka vijana walichukuliwa pande zote mbili za mpaka: wachache wapewe bunduki, wengi watwishwe mizigo. Mwaka 1917 uchukuaji huo ulikuwa wa nguvu hasa. Wapagazi waliuawa na kuhara, homa na njaa kuliko risasi, na waliokufa wakitumikia majeshi ya Kiingereza katika Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000.

Ajabu ni kwamba mtu huyu alipokuwa hai alitiwa daftarini, akapewa namba na kibati cha kuvaa. Alipokufa, mara nyingi mshahara wake haukudaiwa na mtu, wala kaburi lake halikupata jiwe. Tume ya Makaburi ya Vita ilimwekea askari wa Kizungu jina lake. Kwa Waafrika, maofisa wa miaka ya 1920 waliona yatosha makaburi yaachiwe pori, na badala yake zisimamishwe sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi ni nzuri, sikatai, na ina maandishi ya Kiswahili na ya Kiarabu. Jina la mtu halimo.

Aprili 2021 Tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni.

Wako wasemao: tutajuaje yupi alikuwa Mwislamu? Imamu Nawawi alikwisha jibu katika Minhaj: maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wasio Waislamu, wote huoshwa na wote husaliwa, kwa nia ya wale walio Waislamu. Hukumu hiyo yatufaa hata leo, anapookotwa mpakani maiti asiye na mwenyewe. Lakini kwa wale wa 1917 hatuwezi kuwasalia sala ya ghaibu, kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii huisali yule ambaye faradhi ilimpasa siku ya kifo, na sisi hatukuwa tumezaliwa. Lililobaki mikononi mwetu ni dua, khitima na majina.

Majina yako majumbani. Daftari likisema "Juma" tu, pasipo baba wala kijiji, halimtambulishi mtu. Anayeweza kumtambulisha ni bibi anayejua ni Juma wa nani. Medali za askari wa vita vile zilichorwa ukingoni namba, jina na kikosi. Aliye nayo katika sanduku la babu yake na aigeuze ubavu, ayasome maandishi yale kwenye mwanga mzuri, ayanakili kama yalivyo, kisha amletee katibu wa jumuiya pamoja na jina la kijiji.