Namba ya Kuazima

Mji wa Mandera umekaa katika pembe ya Kenya inayopakana na Ethiopia na Somalia, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Nairobi kwa barabara. Katika nchi kavu kama ile, kisima si cha mfugaji mmoja. Kila mtu hungoja zamu yake, hunywesha ngamia wake, kisha humpisha mwenziwe. Mfano huo, msomaji, uweke moyoni, maana utakusaidia kufahamu jambo litendekalo kila uwashapo kompyuta au simu.

Chombo chochote kilichomo katika intaneti hakina budi kuwa na namba, kwa kuwa ujumbe, kama barua, haufiki pasipo anwani. Hapo mwanzo fundi aliandika namba hizo kwa mkono, kompyuta moja baada ya moja. Akikosea, akazipa mbili namba moja, mawasiliano yalivurugika. Tena zilikuwako kompyuta zisizo na diski, ambazo zikizimwa zilisahau hata namba zao.

Basi mwezi wa Juni 1984 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza itifaki iitwayo RARP. Kompyuta ilipowashwa iliuliza, "Namba yangu ni ipi?" Lakini swali hilo halikuweza kuvuka mtandao wake mdogo. Mwaka wa 1985 Bill Croft na John Gilmore walitoa BOOTP, ambayo swali lake liliweza kupelekwa na mjumbe hata mtandao wa mbali. Hata hivyo, kila namba ilikuwa imekwisha kuwekewa mwenyewe. Mgeni asiyeandikwa aliondoka mikono mitupu.

Ndipo mwezi wa Oktoba 1993 ilipotangazwa DHCP, iliyoandikwa na Ralph Droms. Sasa namba iliweza kuazimwa. Chombo huita, "Nani awezaye kunipa namba?" Seva hujibu, "Ipo hii." Chombo husema, "Naiomba hiyo." Seva hukubali na kutaja muda. Nusu ya muda ikipita, chombo huomba kuongezewa. Kikiwa kimekwenda zake, muda huisha na namba hupewa mwingine.

Utauliza, yanaihusu nini Mandera? Tuseme shule moja ya huko ina namba 60, na simu 300 huingia na kutoka kutwa. Kama kila namba ingekuwa mali ya mmoja, simu ya 61 ingekosa, ilhali namba nyingine zimelala bila kazi. Na kama ingelazimu kumngoja fundi kutoka Nairobi, masomo yangesimama.

Lakini angalia: muda wa kuazima huwekwa na mtu. Akiuweka mrefu mno, namba hubaki kwa walioondoka, na wangojao hukosa. Itifaki huleta utaratibu. Haki ya zamu, kama kisimani, ni juu ya msimamizi.