Shambulio la moyo: Puto la Dar es Salaam au sindano ya hospitali ya karibu?

MTU anayepatwa na shambulio la moyo akiwa Kwedizinga, wilayani Handeni, yuko mbali na chumba maalumu ambacho madaktari wanaweza kuuzibua mshipa wake kwa puto. Chumba cha namna hiyo kipo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Kutoka Korogwe hadi huko ni takriban kilometa 280, mwendo wa saa nne au zaidi kwa gari, bila kuhesabu foleni ya kuanzia Kibaha.

Umbali huo si suala la usumbufu tu. Ndio unaoamua ni tiba ipi impasayo mgonjwa kwanza.

Kitaalamu, shambulio la moyo hutokea pale utando wa mafuta uliojengeka katika ukuta wa mshipa unaoulisha moyo unapopasuka, na damu ikaganda juu ya jeraha hilo hadi kuziba njia. Sehemu ya msuli wa moyo inayotegemea mshipa huo huanza kufa kwa kukosa oksijeni, na msuli uliokufa hauoti tena. Ndiyo maana manufaa ya kuzibua mshipa huwa makubwa zaidi katika saa tatu za mwanzo, na baada ya saa 12 hupungua sana, isipokuwa kwa wale ambao maumivu yanaendelea au hali yao inazidi kuwa mbaya.

Zipo njia mbili za kuuzibua kwa dharura. Ya kwanza ni ya puto, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1977 mjini Zurich na daktari Andreas Grüntzig. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, mgonjwa akiwa macho. Puto dogo hujazwa mahali palipoziba, kisha huachwa hapo kijibomba cha wavu wa chuma, yaani stenti, ili njia isijifunge tena.

Ya pili ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kama vile streptokinesi au tenekteplesi, inayoingizwa katika mshipa wa mkono. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kuwa miongoni mwa wasiopewa tiba hiyo wagonjwa 13 katika kila 100 walifariki ndani ya wiki tano, wakati kwa waliopewa streptokinesi pamoja na aspirini walifariki wanane. Aspirini, kidonge cha bei ndogo kuliko nauli ya bodaboda, ilikuwa na mchango wake peke yake katika nafuu hiyo.

Zinapolinganishwa, puto hushinda. Uchambuzi wa tafiti 23 uliochapishwa mwaka 2003 ulibaini vifo saba kwa kila wagonjwa 100 waliotibiwa kwa puto, dhidi ya tisa kwa waliopewa dawa. Aidha, dawa humsababishia takriban mgonjwa mmoja katika 100 kuvuja damu kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo haipewi aliyewahi kupata tatizo hilo, aliyepooza au kufanyiwa upasuaji mkubwa hivi karibuni, wala mwenye shinikizo la damu lililo juu mno.

Hata hivyo, ushindi huo una sharti. Miongozo ya kimataifa inataka puto lifanyike iwapo mgonjwa anaweza kufikishwa kwenye tiba hiyo ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa ulipotambuliwa. Ikiwa haiwezekani, dawa itangulie, kisha apelekwe kwenye kituo chenye chumba maalumu. Lami iliyowekwa kutoka Handeni hadi Mkata na hadi Korogwe imepunguza safari, lakini haikuifanya kuwa ya saa mbili.

Utafiti wa STREAM wa mwaka 2013 uliwapima wagonjwa wa hali hiyo hasa, waliowahi mapema lakini wasingeweza kupata puto ndani ya saa moja. Waliochomwa dawa kwanza na kusafirishwa baadaye hawakuwa na matokeo mabaya kuliko waliosubiri puto. Lakini kwa zaidi ya theluthi moja yao dawa haikutosha, wakahitaji puto kwa haraka. Kwa hiyo gari la wagonjwa lisisubiri kesho yake. Liondoke mara mgonjwa amalizapo kupewa dawa.

Yote hayo hutanguliwa na kipimo cha ECG, kinachorekodi umeme wa moyo na ambacho kinatakiwa kufanyika ndani ya dakika kumi za kufika hospitali. Ndicho kinachotenganisha mshipa ulioziba kabisa na ule ulioziba kiasi, ambao dawa ya kuyeyusha haiufai.

Hapo ndipo penye pengo kubwa. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapima watu 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Watu 152 walikuwa na shambulio la moyo, wengi wao bila kutambuliwa, na zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 30. Tiba iliyowakosa wengi ilikuwa aspirini.

Dalili nazo hupotosha. Maumivu yanayobana kifua na kusambaa hadi bega, mkono wa kushoto au taya huchukuliwa kuwa vidonda vya tumbo au kiungulia, na mgonjwa wa kisukari, mzee au mwanamke anaweza asipate zaidi ya jasho jingi, kichefuchefu na kukosa pumzi. Asiyedhurika na aspirini wala kuvuja damu hushauriwa kutafuna miligramu 150 hadi 300 akiwa njiani kuelekea hospitali.

Anayerudi Handeni akiwa na stenti huhitaji kumeza aspirini na dawa ya pili, mara nyingi klopidogreli, kwa takriban mwaka mzima. Kuziacha mapema bila ushauri wa daktari kunaweza kuigandisha damu ndani ya stenti yenyewe na kurudisha shambulio lile lile, safari hii akiwa tena kilometa mamia kutoka Muhimbili.