Swali Lisiloulizwa: Shule za Marekani na Ulinzi wa Mwanafunzi Mhamiaji

Kila mwalimu anakijua kitabu cha mahudhurio. Hukifungua asubuhi, akaita majina, akatia alama, akakifunga. Ni nadra sana mwalimu kufikiri kwamba kitabu hicho, pamoja na fomu za kuandikisha wanafunzi zilizomo katika kabati la ofisi, vinaweza kumdhuru mtoto ambaye jina lake limeandikwa humo. Historia ya shule za Marekani katika miaka 50 hivi iliyopita inatufundisha kwamba hilo linawezekana. Inatufundisha pia kwamba ulinzi wa mtoto huanza mbali na lango la shule: huanza kwenye swali ambalo shule imeamua kutoliuliza.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi. Maelfu ya Wakongo wamehamishiwa Marekani kutoka makambi ya wakimbizi ya Uganda, Tanzania, Burundi na Rwanda, na watoto wao wasemao Kiswahili wamekaa madawati mamoja na watoto wa wahamiaji wengine. Hati zao ni za wakimbizi waliopokewa kwa mujibu wa sheria. Lakini hofu ikiingia darasani haichagui dawati.

KESI YA TYLER

Mwaka 1975 Bunge la jimbo la Texas lilibadili sheria ya elimu. Tangu hapo fedha za jimbo hazikuweza kutumika kuwasomesha watoto walioingia nchini bila idhini, na wilaya za shule zikapewa uwezo wa kuwakataa. Mwaka 1977 wakuu wa shule za mji wa Tyler waliamua kwamba mtoto asiyeweza kuonyesha hati alipe ada ya dola 1,000 kwa mwaka. Wazazi wa watoto hao, wengi wao wakiwa vibarua kutoka Meksiko, hawakuwa na uwezo wa kulipa kiasi hicho. Watoto wakabaki nyumbani.

Familia nne zilikwenda mahakamani mwaka huo huo. Hapana budi tuelewe uzito wa uamuzi wao: kwa mtu asiye na hati, kusimama mbele ya jaji ni sawa na kujitangaza. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walifika na vitu vyao vimekwisha kupakiwa garini, wakiwa tayari kufukuzwa nchini siku hiyo hiyo. Jaji William Wayne Justice aliitambua hatari hiyo. Aliagiza kesi isikilizwe alfajiri, saa kumi na mbili, kabla mji haujaamka, na wazazi wakaitwa kwa majina ya kubuni. Kwa hiyo, kabla hukumu yo yote haijatolewa, mahakama yenyewe ilikuwa imekwisha kuonyesha namna ya kumlinda mtoto: kwa kuchagua saa, na kwa kulificha jina.

Jaji huyo aliwapa watoto haki mwaka 1978. Rufaa ilipofika Mahakama Kuu ya nchi, hukumu ilitolewa tarehe 15 Juni 1982, nayo ikaandikwa na Jaji William Brennan. Mwalimu wa lugha atapendezwa kujua kwamba sehemu kubwa ya mabishano ilihusu nomino moja. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868, yanaahidi ulinzi sawa wa sheria kwa “mtu” ye yote aliye chini ya mamlaka ya jimbo, hayakusema “raia”. Texas ilidai kwamba aliyeingia bila idhini hayumo katika maana hiyo. Majaji wote 9 walilikataa dai hilo. Walipofika kwenye swali la kama jimbo linaweza kumnyima shule mtu huyo, ndipo walipogawanyika, 5 kwa 4. Walio wengi walishikilia kwamba si haki kumwadhibu mtoto kwa tendo la mzazi wake, na kwamba kumnyima elimu ni kuunda tabaka la watu wasiojua kusoma, watakaobaki humo humo nchini.

KUMGEUZA MWALIMU KUWA MPELELEZI

Hukumu ya 1982 ilimpa mtoto dawati. Haikumhakikishia kwamba jina lake halitapelekwa kwingine. Mwaka 1994 wapiga kura wa California walipitisha sheria iliyowataka walimu kuchunguza hali ya uhamiaji ya wanafunzi na wazazi, kisha kuwaripoti. Mahakama iliizuia sehemu hiyo isitumike. Mwaka 2011 Alabama nayo iliziagiza shule zichunguze hali ya kila mwanafunzi mpya. Sheria hiyo haikudumu. Mahakama ya rufaa iliisimamisha baada ya majuma machache. Hata hivyo, katika muda huo mfupi watoto zaidi ya 2,000 wa asili ya Amerika ya Kilatini hawakuonekana shuleni kwa siku moja. Hakuna afisa aliyewakamata madarasani. Swali peke yake lilitosha kuyaacha madawati matupu.

Mwaka huo huo idara ya serikali kuu inayosimamia uhamiaji iliwaelekeza maafisa wake wasifanye ukamataji shuleni, hospitalini na mahali pa ibada, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mwongozo huo ulipanuliwa mwaka 2021, lakini haukuwa sheria. Januari 2025 serikali mpya iliufuta.

HADHARI KABLA YA HATARI

Shule nyingi hazikungoja hadi hapo kujiandaa. California ilikuwa imezitaka shule zake zote ziwe na utaratibu ulioandikwa tangu sheria yake ya mwaka 2017. Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Kwanza, shule haiulizi wala haiandiki hali ya uhamiaji ya mtoto. Kisichoandikwa hakiwezi kudaiwa. Pili, afisa akifika, karani wa mapokezi hajibu maswali. Humwita mtu mmoja aliyeteuliwa, naye hupiga simu kwa mwanasheria wa wilaya. Tatu, mtu huyo husoma hati iliyoletwa. Hapa kusoma kwa makini ni kinga, kwa sababu hati ni za aina mbili. Iliyotiwa sahihi na jaji ni lazima itiiwe. Iliyotiwa sahihi na afisa wa uhamiaji haimpi ruhusa ya kuingia mahali pasipo pa watu wote, kama vile darasani. Nne, wazazi huombwa kuandika jina la ndugu au jirani atakayemchukua mtoto iwapo wao hawatarudi nyumbani.

Aprili 2025 maafisa wa serikali kuu walifika katika shule mbili za msingi za Los Angeles wakitaka kuonana na wanafunzi kadhaa. Serikali ilieleza kwamba walikwenda kuhakikisha usalama wa watoto. Wakuu wa shule hizo hawakuwaruhusu kuingia. Hawakupigana na mtu wala hawakudanganya. Walifuata utaratibu waliokuwa wamekwisha kufundishwa.

Tusikuze mambo kupita kiasi. Utaratibu huu haumlindi mzazi anayekamatwa barabarani akitoka kumpeleka mwanawe, wala hauiondoi hofu ya mtoto anayetazama saa ya ukutani akijiuliza ni nani atamfuata jioni. Shule ina mamlaka juu ya lango lake na karatasi zake tu. Lakini hayo mawili ni yake kweli.

Nchini Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Hata penye sheria njema kama hiyo, fomu ya kuandikisha wanafunzi huandikwa na sisi wenyewe. Muhula ujao utakapofunguliwa, ndugu walimu, tuitazame upya. Tupitie kila mstari tukijiuliza: jibu la swali hili litanisaidia kumfundisha mtoto huyu? Kama halitanisaidia, ni nani mwingine anayelihitaji?